Kifaa cha nje kwenye baridi kali: dhana potofu na ukweli

Dhana: kifaa kinachojaribiwa kikiwaka muda wote ndani ya chumba cha baridi, kimefaulu jaribio.
Dhana hii ndiyo inayopitisha vifaa vibovu kuliko zote. Kifaa kinachofanya kazi hujipasha joto chenyewe. Kinachokiumbua ni kuwashwa kikiwa kimeganda. Kizime, kisha shusha joto taratibu, lisizidi nyuzi 1 kwa dakika, hadi -40 °C. Usianze kuhesabu saa pale skrini ya chumba inapoonyesha -40. Bandika kihisi joto kwenye sehemu nzito ya ndani, kama transfoma au betri, uanze kuhesabu ikibakiza nyuzi 3 au pungufu kufika -40. IEC 60068-2-1, kiwango cha kimataifa cha majaribio ya baridi, kinataja muda wa saa 2, 16, 72 au 96.

Sasa kiwashe kwa volti ya chini kabisa inayoruhusiwa, osiloskopu (kifaa kinachochora volti inavyobadilika) ikiwa tayari kwenye njia ya umeme wa prosesa. Kwenye baridi, kapasita za elektroliti (vijenzi vinavyohifadhi chaji) hupungua uwezo na ukinzani wake wa ndani hupanda mara nyingi. Volti huyumba, prosesa hujizima na kuwaka, hujizima na kuwaka. Baada ya dakika chache bodi imepata joto na kila kitu ni shwari, kana kwamba hakukuwa na tatizo. Ukitaka kurudia, kigandishe upya kwanza.

Dhana: baridi huua betri ya lithiamu.
Baridi huipunguzia nguvu tu, nayo hurudi betri ikipata joto. Kinachoiua ni kuichaji chini ya nyuzi 0: lithiamu hugandamana juu ya anodi (upande hasi wa betri, wa grafiti) ikiwa metali badala ya kuingia ndani ya grafiti. Madhara hayo hayarudi nyuma, na yanaweza kuleta shoti ndani ya betri. Hakikisha saketi ya chaji inakataa kweli kuchaji. Pima mkondo kwa mita. Taa ya kiashiria husema uongo.

Dhana: kina IP67, baridi haikisumbui.
IP67 ni kinga dhidi ya vumbi, na dhidi ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Basi. Kwenye baridi mpira wa kuziba hukakamaa, plastiki na alumini husinyaa kwa viwango tofauti, na waya wa PVC wa kawaida hupasuka ukikunjwa. Jaribio la maji lifanyike baada ya baridi, kwa kifaa kilekile.

Dhana: friza ya nyumbani inatosha.
Huishia karibu -18 °C. Yafaa kunasa makosa ya wazi tu.

Dhana: muda ukiisha, fungua mlango ukitoe.
Hewa ya nje itamwaga umande kwenye bodi, na kikifa hutajua kimeuawa na baridi au na maji. Pandisha joto mlango ukiwa umefungwa. Ikibidi kukitoa kikiwa baridi, kifunge ndani ya chumba kwenye mfuko wa plastiki pamoja na silika jeli (chembe za kufyonza unyevu), na usiufungue mfuko mpaka kihisi cha ndani kilingane na joto la nje.