Tathmini ya "mazuri tu" sifanyi

Meneja mwingine wa mradi kanipigia juzi: "Ndugu, mfadhili anaamua awamu ya pili, safari hii tufanyie ile tathmini yenu ya mazuri tu." Jamani! Kazi yangu ni kutathmini miradi, na huanza kwa kuuliza yaliyokwenda vizuri; lakini kuanzia kwenye nguvu za watu si kumvisha mtu kilemba cha ukoka.

Historia nitaipitia mbiombio. Cooperrider na Srivastva wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, walitoa andiko lao la mbinu hii mwaka 1987: ukitaka kuijua taasisi, chunguza inapofanya kazi vizuri. Brinkerhoff, mtaalamu mwingine wa tathmini, yeye hutuma dodoso fupi kwa wote, kisha huwahoji waliofanikiwa sana na walioshindwa kabisa. Walioshindwa! Sehemu hiyo mameneja huwa hawaisomi.

Kazi yenyewe iko kwenye swali la pili. Chukua kikundi cha akiba kule Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, wanachama wengi ni Wakongo, kikao chote kwa Kiswahili. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Niliuliza ni siku gani kikundi kilikwenda vizuri kuliko zote. Mama mmoja akasema, "Siku ile sanduku lilifunguliwa mbele yetu, tukahesabu pamoja." Wenzake wakaitikia. Mweka hazina akakohoa.

Mvivu huandika "uwazi ni nguvu ya kikundi" akaenda kula. Mimi niliuliza: siku hiyo kulikuwa na nini ambacho siku nyingine hakipo? Hapo ndipo ikatoka kwamba funguo mbili zinalala nyumba moja, na mara nyingi sanduku huletwa likiwa limeshafunguliwa. Ningeuliza "mna matatizo gani?" ningepewa orodha ile ile anayopewa kila anayeshuka kwenye gari la mradi: mvua, posho ya chakula imepunguzwa, mtaji mdogo. Yote kweli, ila watu wameshayakariri.

Na sifa nayo hukaguliwa. Wakisema mikopo inarudi, naomba daftari, nalinganisha na mihuri kwenye vitabu vya wanachama. Fedha zikiwa zimeibwa, msiniite mimi, iteni mkaguzi wa hesabu. Swali la siku nzuri mwizi hulijibu kwa ufasaha kuliko wote.

Kinachonisumbua kweli ni walioondoka. Aliyebaki kwenye kikundi bila shaka ana siku nzuri ya kusimulia, ndiyo maana amebaki. Siku hizi nadai daftari la kwanza la wanachama, nawasaka walioachia njiani. Wengine wamehamia Kampala, wengine wamerudi Kongo, namba hazipatikani. Ninaowapata pengine ni wale wasio na kinyongo sana. Dawa yake sijaipata. Naandika tu ni wangapi sikuwafikia, na idadi hiyo naiweka ukurasa wa kwanza wa ripoti. Kila mara mtu huniomba niihamishie kwenye viambatisho.