Kwa Nini Harriet Jacobs Alificha Jina Lake Ilhali Alikuwa Huru?

Mwaka 1861, kitabu cha maisha ya mjakazi wa North Carolina anayejiita Linda Brent kilichapishwa Boston. Jina halisi la mwandishi, Harriet Jacobs, halikuandikwa popote. Wala hakuwa akiogopa kukamatwa: mwaka 1852 Cornelia Willis, mwajiri wake wa New York, alilipa dola 300 ili aachwe huru. (Jambo hilo lilimuuma Jacobs, maana hakukubali kwamba yupo mtu anayestahili kulipwa kwa ajili ya uhuru wake.) Basi alimficha nani jina?

Aliwaficha wasomaji aliotaka wamwonee huruma, wanawake wa Kizungu wa majimbo ya kaskazini.

Jacobs alizaliwa mjini Edenton, North Carolina, mwaka 1813. Bibi aliyemmiliki alipofariki, alimrithisha kwa mtoto wa miaka mitatu, na hivyo akahamia nyumbani kwa baba wa mtoto huyo, Dk. James Norcom. Alipofikisha umri wa kuvunja ungo, Norcom akaanza kumwandama. Sheria haikumkinga, kwani mtoto alifuata hali ya mama yake: bwana aliyempa mjakazi wake mimba alijiongezea mali. Mchumba wake, mtu mweusi aliyekuwa huru, Norcom alimkataza asimwoe. Ndipo Jacobs akaamua kuwa na Samuel Sawyer, mwanasheria Mzungu asiye na mke, akamzalia watoto wawili, akitumaini kwamba Sawyer atawanunua na kuwapa uhuru.

Kwa maadili ya wasomaji wale, binti aliyezaa nje ya ndoa alikuwa amepotea. Jacobs alilijua hilo, na bado akaliandika, akisema mwanamke mtumwa hapaswi kupimwa kwa kipimo kile kile cha wengine. Mimi naona hakuna ukurasa wenye ujasiri kuushinda huo katika maandishi ya waliokuwa watumwa.

Tazama pia alivyotoroka. Frederick Douglass, mtumwa mwingine aliyetoroka, ambaye kitabu chake cha 1845 kilisomwa mno, alikimbilia kaskazini akiwa kijana asiye na mtoto. Jacobs alijificha mwaka 1835 darini kwa nyanya yake, ndani ya nafasi ya futi tisa kwa saba, ambayo kimo chake hakikuzidi futi tatu. Alikaa humo karibu miaka saba, akiwachungulia wanawe kupitia matundu aliyoyatoboa, hadi alipopata chombo cha kumfikisha Philadelphia mwaka 1842. Uhuru wa peke yake, bila watoto, haukumtosha.

Harriet Beecher Stowe, mwandishi wa riwaya ya Uncle Tom's Cabin, alitaka kukitumia kisa hicho ndani ya kitabu chake mwenyewe. Jacobs alikataa, akakiandika kwa mkono wake usiku, baada ya kazi ya kulea watoto wa akina Willis. Riwaya nyingi za wanawake wakati huo ziliishia harusini. Yeye alimwambia msomaji waziwazi kwamba hadithi yake inaishia kwenye uhuru, si kwenye ndoa.

Jina la bandia lilimgharimu. Kwa miongo mingi baadhi ya wanahistoria walikiona kitabu hicho kuwa cha kubuni, au kazi ya mhariri wake Mzungu, Lydia Maria Child. Mtafiti Jean Fagan Yellin alizifuatilia barua za Jacobs, akathibitisha kwamba yeye ndiye mwandishi, na mwaka 1987 akatoa toleo lenye jina lake halisi. Jacobs alikuwa amefariki mwaka 1897.