Kusikia si kusikiwa

Nilipoanza kazi ya mitandao isiyo na mnara, ile ambayo vifaa vyenyewe hupokezana pakiti (vipande vya data) huku vikihamahama, ruta moja ya juu ya paa ilinipotezea siku nzima. Simu niliyoishika iliisikia vizuri, tena ikaiweka kwenye orodha ya majirani. Nikituma data, inasuasua, mara inakatika kabisa.

Ruta ilirusha kwa nguvu, simu kwa unyonge. Kule paani kulijaa kelele za Wi-Fi za nyumba jirani, chini nilipokuwa kulitulia: simu iliisikia ruta, ruta iliisikia simu kwa shida. (Watu hukimbilia kulaumu antena. Antena huongeza nguvu sawasawa, kwenda na kurudi.)

AODV, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kutafuta njia ya pakiti, iliyochapishwa mwaka 2003 kama hati ya RFC 3561, hujikwaa papo hapo. Nodi (kifaa kimoja cha mtandao) inayotafuta njia hupaza sauti kwa wote. Kila inayosikia ombi huandika imelisikia kwa nani, na jibu hurudi kwa nyayo zilezile. Hatua moja ikiwa ya upande mmoja, jibu linafia hapo. Kibaya zaidi, nakala ya ombi lilelile ikifika baadaye kwa njia inayopitisha pande zote, nodi huitupa: nimeshaliona hili. Dawa iliyomo ni kumdai jirani athibitishe kupokea jibu. Asipothibitisha, anaingizwa orodha nyeusi na maombi yake hayasikilizwi kwa muda.

OLSR, itifaki nyingine ya mwaka huohuo, ina tahadhari zaidi. Salamu zake, ujumbe ambao kila nodi hurusha mara kwa mara, hutaja majirani waliosikika, na nodi haimhesabu mwenzake kuwa jirani wa kweli mpaka ione jina lake yenyewe kwenye salamu ya huyo mwenzake. Naupenda utaratibu huu, ila una tundu: salamu ni fupi na hurushwa kwa kasi ndogo, basi hufika mbali ambako data haifiki.

Ndiyo maana napima. ETX, kipimo kilichotoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2003, huuliza pakiti itarushwa mara ngapi kwa wastani hadi ifike na uthibitisho urudi: 1 gawanya kwa uwezekano wa kwenda mara uwezekano wa kurudi. Ruta yangu ilitoa uwezekano wa 0.9 kushuka hadi kwenye simu, 0.3 kupanda kutoka kwenye simu. Zao la kuzidisha ni 0.27, yaani mirusho 3.7. Nikaweka simu ya pili kwenye ngazi ipokezane katikati, 0.9 pande zote: mirusho 1.23 kwa kila hatua, 2.47 kwa zote mbili. AODV, kwa kuwa inahesabu hatua tu, ingeng'ang'ania njia ya moja kwa moja, yenye hatua moja.