Pensheni Jamii si kiinua mgongo

"Mjukuu wangu, mimi na dagaa tu maisha yangu yote, serikali sikuifanyia kazi hata siku moja. Pensheni ya wapi?"

Wiki hii nimeyasikia tena, safari hii kwa bibi wa miaka 74. Miaka minne ya fedha zake imepita, na ofisi yetu anaiona kutoka pale anapoanika dagaa.

Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza kulipwa Aprili 2016, haina uhusiano wowote na ajira. Yenye michango ni ile ya ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Hii inatoka kwenye bajeti ya Serikali ya Mapinduzi, na inachotazama ni miaka 70 na ukaazi wako. Mvuvi, mkulima wa mwani, mama wa nyumbani, hata mwalimu mstaafu mwenye pensheni yake: wote wamo. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapanda hadi 50,000. Nadhani jina ndilo lililotuponza. Mtu akisikia "pensheni" anamuona karani na faili lake, basi anarudi zake nyumbani.

Wengine husema watoto wao wana uwezo, wataaibika. Hakuna anayeuliza mshahara wa mwanao. Tungeanza kuchambua nani maskini na nani afadhali, shehia nzima, yaani mtaa wote, ingegombana.

Eti sheha, kiongozi wa shehia, ndiye anayegawa? Sheha anakutambua kuwa ni mkaazi wake. Fedha si zake, usimnyenyekee kwa hizo.

Umestaafu na miaka 60? Subiri kumi zaidi. Na mzee akifariki, malipo yanakoma. Hayarithiwi, kwa hiyo toeni taarifa mapema, msije mkadaiwa.

Nikupe na wasia wangu ambao wenzangu wameuchoka: soma mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi kabla hujafika 70, maana kuusahihisha kunachukua muda. Bibi wa dagaa alikitoa chake kwenye kitambaa alichokifunga mara tatu. Kimeandikwa 1958. Mwanawe wa kwanza, niliyekwisha kuona cheti chake, kazaliwa 1969.

"Bibi, ulizaa na miaka 11?"

Akacheka mpaka akashika mlango. Nimemwambia Jumatatu aje na hicho cheti, twende pamoja ofisi ya vitambulisho.