Je, wajua Wablackfoot waliwindaje kabla ya kupata farasi?

Mtaje Mblackfoot, mtu wa jamii ya wenyeji wa asili wa Kanada na Marekani, na wengi wetu tutamwona juu ya farasi, upinde mkononi, akikimbizana na baisani, yule nyati wa Amerika ya Kaskazini mwenye nundu na manyoya mazito. Mimi nami niliamini kwa miaka mingi kwamba farasi ni wao tangu jadi. Sivyo hata kidogo. Farasi wa asili wa Amerika walitoweka miaka 10,000 hivi iliyopita, na hawa wa sasa waliletwa na Wahispania. Walisambaa kutoka kusini kwa biashara na kwa kuporwa, wakawafikia Wablackfoot miaka ya 1730 hivi. Makundi makubwa ya baisani yalimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kwa hiyo ile picha tuliyoizoea ni ya karne moja na nusu tu. Maelfu ya miaka kabla ya hapo, uwindaji ulikuwa wa miguu.

Lugha yao inatoa ushahidi. Farasi wanamwita ponokaomitaa: ponoka ni kulungu mkubwa, imitaa ni mbwa. Huyu mgeni alikuwa na umbo la kulungu, lakini kazi yake ilikuwa ya mbwa, kwa sababu mbwa ndiye aliyekuwa mchukuzi wao. Alifungwa miti miwili mabegani, ncha zikiburuta chini, na mzigo ukafungwa katikati. Hata ukubwa wa hema ulitegemea nguvu za mbwa.

Wablackfoot ni Wasiksika, Wakainai na Wapiikani wa Alberta, Kanada, pamoja na ndugu zao wa Montana, Marekani. Siksika maana yake ni mguu mweusi. Husemwa kwamba viatu vyao vilipakwa rangi au viliingia majivu ya nyasi zilizoungua, lakini hayo ni maelezo ya kupokezana.

Basi mtu wa miguu anamkamataje mnyama mwenye uzito wa nusu tani au zaidi, anayekimbia kilomita 50 kwa saa? Jibu liko Head-Smashed-In, karibu na Fort Macleod, jabali ambalo baisani waliswagwa hadi ukingoni wakaanguka, lililotumika kwa karibu miaka 6,000 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Chini yake, tabaka za mifupa na udongo zina kina cha mita 10 hivi.

Usidhani walipiga kelele tu na kundi likaruka. Kuku ukimkurupusha atakimbilia popote. Ukitanua mikono na kumwendea taratibu, anaingia bandani mwenyewe. Ndivyo walivyofanya, kwa kilomita nyingi. Kijana mmoja alijifunika ngozi ya ndama na kulia kama ndama aliyepotea, majike yakamfuata. Wenzake, ndani ya ngozi za mbwa mwitu, walinyemelea nyuma ili kundi lisitawanyike. Pande zote mbili palipangwa marundo madogo ya mawe, njia ikizidi kuwa nyembamba. Inasemekana yalichomekwa matawi yaliyopepea kama watu waliojificha. Matawi yameoza, mawe bado yapo.

Upepo nao ulihesabiwa. Mara nyingi huvuma kutoka magharibi, na jabali linatazama mashariki, kwa hiyo harufu ya kambi iliyokuwa chini haikuwafikia wanyama. Mwishoni kabisa ndipo watu walipochomoka mafichoni, wakipunga ngozi na kupiga mayowe. Kundi likatimka. Wa mbele waliuona ukingo na kutaka kusimama, lakini fikiria geti la uwanja watu wanapokimbilia kutoka: aliye mbele hana uamuzi, uamuzi ni wa wanaosukuma nyuma.

Kazi ndefu ilianza hapo. Mifupa iliyopondwa ilichemshwa kwenye mashimo yaliyotandikwa ngozi na kujazwa maji, yakipashwa kwa mawe ya moto. Mafuta yaliyoelea yalichanganywa na nyama kavu iliyotwangwa na matunda ya porini kuwa pemikani, chakula kilichovusha watu majira ya baridi.

Na kile kichwa kilichopondwa, kinachotajwa katika jina la jabali, si cha baisani. Wazee husimulia kwamba kijana mmoja alijibanza chini ya mwamba ili awaone wanyama wakianguka mbele yake kama maji ya maporomoko. Siku hiyo windo lilikuwa kubwa mno, mizoga ikarundikana hadi ikambana ukutani. Walipokuja kuchuna, walimkuta na fuvu lililopasuka.