Multimita ya DT-830: skrubu ya VR1 ni ya mwisho kuguswa

Multimita (vipima volti, mkondo na ohm) nyingi za aina ya DT-830 hutupwa kwa kuwa "zinadanganya", wakati zinahitaji uhakiki tu. Anza na betri ya volti 9. Chipu ya 7106, inayofanya vipimo ndani ya mita, hupata kutoka hapo volti yake ya rejea, yaani ile inayolinganishia volti unayopima. Betri ikishuka chini ya volti 7 hivi, rejea nayo hushuka na mita husoma juu kuliko ukweli. Kisha gusanisha ncha za waya kwenye renji ya 200Ω. Somo likizidi 1Ω, waya zimechoka au swichi ya kuzungusha imeshika uchafu. Isafishe kwa spiriti, kamwe si petroli.

Cha kulinganishia ni moduli ya AD584, kibao kidogo kinachotoa volti sahihi za 2.5, 5, 7.5 na 10. Chipu yake ya daraja la K hutoa volti 10 kwa kosa lisilozidi milivolti 10, yaani asilimia 0.1, na mita yenyewe inadai kosa la asilimia 0.5, kwa hiyo inatosha kabisa. Daraja la J huruhusu milivolti 30, silishauri. Ipe moduli volti 15, acha vyote viwili vikiwaka nusu saa, chagua renji ya 20V, kisha andika masomo ya 2.5, 5, 7.5 na 10 kabla ya kurekebisha chochote. Makosa yakilingana kwa asilimia, zungusha VR1, skrubu ndogo ya kurekebishia iliyo ndani ya mita, taratibu hadi mita isome 10.00, halafu idondoshee skrubu rangi ya kucha isisogee. Renji zote za volti DC huifuata skrubu hiyo. Mita ikikosea renji moja tu, iache skrubu: kuna rezista ya kugawanya volti iliyobadilika.

Kwenye ohm VR1 haina kazi, maana chipu hulinganisha rezista unayopima na zilizomo ndani. Pima rezista za asilimia 0.1: 100Ω, 1kΩ, 10kΩ na 100kΩ. Renji za chini zikipotoka, kagua zile za 100Ω na 900Ω ubaoni. Rezista hizo huungua mtu akichomeka waya kwenye soketi ya ukutani mita ikiwa kwenye ohm.

Kwa mkondo, pitisha volti 10 za moduli kwenye rezista ya 10kΩ hadi mita ikiwa renji ya 2000µA. Usitafute 1000! Renji hiyo ina 100Ω ndani, jumla 10,100Ω, hivyo jibu sahihi ni 990.

AC usiihakiki kwa umeme wa ukutani, hasa ukitoka kwenye inveta. Saketi ya AC ya mita imepangiwa wimbi laini (sine). Kwenye inveta ya bei nafuu itakosea hata mita ikiwa nzima.