Kituo cha redio cha wakati wa vita: usilihamishe pipa, tuambie lilipo

Kila mpango wa kusafisha kituo cha kale cha redio huko Alaska unapowekwa hadharani ili wananchi watoe maoni, hoja mbili hutangulia nyingine zote. Ya kwanza inauliza kwa nini sisi tunaosimamia usafishaji tunachelewa ilhali mapipa yanaonekana waziwazi. Ya pili hutoka kwa mtu mwenye nia njema kabisa, anayetujulisha kwamba yeye na wenzake walifika kwa boti, wakayaviringisha mapipa na kuyalundika mahali pamoja, wakachoma mbao na nyaya, na sasa pamekuwa safi. Makala haya yameandikwa kwa sababu ya huyo wa pili.

Vituo vinavyozungumziwa hapa ni vya urambazaji, hasa vile vya LORAN, mfumo wa redio wa kuwaonyesha mabaharia na marubani mahali walipo, vilivyoanza kurusha mawimbi katika Bahari ya Bering na visiwa vya Aleutian mwaka 1943. Utendaji wake ulikuwa rahisi kuueleza. Vituo viwili vilituma mapigo ya redio kwa muda uliopangwa. Meli au ndege ilipima tofauti ya muda kati ya kupokea pigo la kwanza na la pili, na tofauti hiyo ikampa nahodha mstari mmoja juu ya ramani. Jozi nyingine ya vituo ilimpa mstari wa pili. Mistari ilipokutana, ndipo alipo. Ili hesabu hiyo isimpotoshe, vituo vilipaswa kuwa mbali sana kimoja na kingine, kwenye rasi na visiwa ambako hapakuwa na barabara wala umeme. Kwa hiyo kila kituo kilijizalishia umeme kwa jenereta, usiku na mchana, na mafuta yaliletwa na meli katika mapipa ya galoni 55, yaani takriban lita 208 kila moja. Kituo kilipofungwa, kuyarudisha mapipa matupu kuligharimu zaidi ya kuyaacha. Yakaachwa.

Wengi wanakijua kisa cha kisiwa cha St. Matthew. Mwaka 1944 Walinzi wa Pwani wa Marekani walipeleka huko kulungu wa kaskazini 29, wawe akiba ya chakula cha askari 19 wa kituo cha LORAN. Askari wakaondoka, wanyama wakabaki, wakafikia karibu 6,000 mwaka 1963, kisha wakafa kwa njaa hadi wakasalia 42 mwaka 1966. Kisa hicho hufundishwa vyuoni na huulizwa katika mikutano yetu. Ni nadra mtu kuuliza mafuta ya jenereta yalimwagwa upande gani wa jengo.

Swali hilo ndilo kazi yetu. Pipa lenye kutu linaudhi macho, lakini mara nyingi ni chuma kitupu. Uchafu mzito uko mahali pasipoonekana: dizeli iliyopenya kwenye udongo chini ya bomba la kujazia, asidi na madini ya risasi palipomwagwa maji ya betri, rangi yenye risasi iliyobanduka kuzunguka mguu wa mlingoti, asbesto iliyofungwa kwenye mabomba ya moto. Chumba cha mitambo kilikuwa na taa za kurekebisha umeme zilizojaa mvuke wa zebaki, nazo huvunjika zikikanyagwa. Baadhi ya saa na vipimo vya wakati ule vilipakwa radiamu ili namba zing'ae gizani. Mng'ao ulikwisha zamani kwa sababu rangi yenyewe ilichakaa. Radiamu haijachakaa, kwani huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Tafadhali usiiweke saa ya namna hiyo kabatini nyumbani.

Linalotushughulisha kuliko yote ni PCB, mafuta ya kemikali yaliyotiwa ndani ya transfoma na kapasita kwa sababu hayashiki moto kirahisi na hayaharibiki. Ni sifa njema kwa fundi umeme, na kwa udongo ni janga. Marekani ilipiga marufuku kuyatengeneza mwaka 1979, lakini yaliyokwisha kumwagika hayaozi. Huingia kwenye matope ya kijito, yakapanda kwa samaki, kwa sili, na mwisho kwa familia ambazo sili ni chakula chao cha majira yote. Tunaposikia kauli kwamba "miaka 80 imepita, yatakuwa yameisha yenyewe", inatubidi tujibu bila kuzunguka: hapana, hayajaisha.

Sasa turudi kwa wale waliolundika mapipa. Pipa likiwa pale lilipoangushwa ni ushahidi. Linatuonyesha mafuta yalihifadhiwa wapi, mteremko uliyapeleka wapi, na sampuli za udongo zichimbwe kuanzia wapi. Ukilihamisha, doa linabaki chini ya nyasi bila alama yoyote, nasi tunalazimika kupima eneo kubwa zaidi katika majira ya kiangazi mafupi, mara nyingi yenye ukungu na upepo unaozuia boti kutia nanga. Nimewahi kusimama mbele ya lundo kama hilo, limepangwa vizuri kwa bidii ya kweli, huku hakuna aliyekumbuka hata pipa moja lilitoka wapi. Na moto ni mbaya zaidi. Nyaya zenye ganda na mbao zilizolowa mafuta ya transfoma zikiungua katika moto mdogo wa wazi hutoa sumu kali kuliko ile iliyokuwamo, na majivu yake hayana mipaka.

Kuhusu nani anawajibika. Katika mpango wa maeneo yaliyowahi kutumiwa na majeshi, unaotekelezwa na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, eneo linakubaliwa iwapo lilikuwa chini ya mamlaka ya kijeshi na likatoka mikononi mwake kabla ya tarehe 17 Oktoba 1986. Tarehe hiyo haijadiliwi. Vilevile, tangi ambalo mmiliki aliyefuata alilitumia kwa faida yake kwa kawaida huondolewa katika mpango, hata kama lilijengwa na jeshi. Tunapokea barua nyingi za hasira juu ya kipengele hiki. Tunazisoma, lakini hatuna uwezo wa kukibadilisha.

Jambo jingine linalochanganya watu: sheria ya shirikisho ya mwaka 1980 inayosimamia usafishaji wa sumu haihesabu mafuta ya petroli na dizeli kuwa miongoni mwa vitu vyenye sumu inavyovisimamia. Kwa hiyo doa la dizeli, lenye harufu kuliko yote, hushughulikiwa kwa kanuni za Idara ya Uhifadhi wa Mazingira ya Alaska, na doa la PCB lisilo na harufu linafuata njia ya shirikisho. Ukiona nyaraka mbili kwa kiwanja kimoja, hatujakosea.

Kwa PCB, udongo wenye miligramu 50 au zaidi kwa kila kilo huhesabiwa kuwa taka inayodhibitiwa, na lazima uende kwenye dampo lenye idhini maalumu. Alaska haina dampo la namna hiyo, hivyo udongo hutiwa kwenye magunia makubwa, ukapakiwa kwenye tishari na kusafirishwa hadi majimbo ya kusini. Mahali watu watakapokaa au kutumia bila masharti, lengo ni kushuka hadi miligramu 1 kwa kilo. Wapo wanaopendekeza tuchanganye udongo mchafu na msafi hadi kipimo kishuke. Sheria inakataza hilo kwa maneno yaliyo wazi, na ingekatazwa hata bila sheria na mtu yeyote anayejua kwamba sumu haipungui kwa kutandazwa.

Hatua zenyewe ni hizi, na haziwezi kurukwa: tathmini ya awali, ukaguzi wa eneo, uchunguzi kamili pamoja na kulinganisha njia za kusafisha, mpango unaopendekezwa, hati ya uamuzi, usanifu, kisha kazi. Mpango unaopendekezwa hukaa hadharani kwa siku zisizopungua 30. Mwananchi akiomba kwa wakati, muda huongezwa siku nyingine zisizopungua 30. Ombi lije kabla muda haujaisha. Likija siku ya 31 limechelewa. Maoni yote muhimu hujibiwa kwa maandishi ndani ya hati ya uamuzi. Pale ambapo uchafu unaachwa ardhini kwa kiwango kisichoruhusu matumizi huru, eneo hukaguliwa upya angalau kila baada ya miaka mitano.

Kuhusu taarifa na adhabu, naomba msomaji atulie hapa. Mafuta yakimwagika majini, kiasi chochote, jimbo liarifiwe mara moja. Yakimwagika ardhini zaidi ya galoni 55, mara moja. Zaidi ya galoni 10 hadi 55, ndani ya saa 48. Kitu chenye sumu kisicho mafuta, mara moja. Kwa PCB, ratili moja tu, takriban gramu 454, ikimwagika katika kipindi cha saa 24, inamlazimu msimamizi wa eneo au chombo kukiarifu kituo cha taifa cha taarifa za umwagikaji. Kunyamaza kwa makusudi kunaweza kumpa kifungo cha hadi miaka mitatu, na hadi mitano akirudia. Kuchukua mali ya serikali ya shirikisho ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka 10, au hadi mwaka mmoja kama thamani haizidi dola 1,000. Shaba ya antena iliyozikwa ardhini ni mali. Betri ni mali. Visiwa vingi kati ya hivi vimo ndani ya hifadhi ya taifa ya wanyamapori, ambako kuondoa vitu au kuvitafuta kwa kifaa cha kutambua chuma ni kosa la peke yake, na kulifanya kwa kujua kunaweza kuleta kifungo cha hadi mwaka mmoja. Hoja ya kwamba kitu hicho "kimetupwa, hakina mwenyewe" haijawahi kuwa utetezi mzuri.

Si kila kitu kitaondolewa, na hili nalo hupokewa kwa mshangao. Mlingoti usio na sumu, msingi wa zege, hata kibanda, vinaweza kubaki vikiwa kumbukumbu ya vita. Huko Svalbard, visiwa vya Norway katika Aktiki, mabaki yote ya kabla ya 1946 yanalindwa kisheria, kikiwamo kituo cha hali ya hewa cha Wajerumani ambacho askari wake walijisalimisha Septemba 1945, miezi minne baada ya vita kwisha Ulaya. Kituo kingine cha Wajerumani, kilichojiendesha chenyewe na kusimikwa huko Labrador, Kanada, Oktoba 1943, kilitambuliwa mwaka 1981 tu na sasa kimo katika makumbusho ya vita mjini Ottawa, ambako hakuna anayekikanyaga.

Kwa hiyo, ndani ya siku 30, msituandikie tu kwamba tuondoe kila kitu. Sentensi hiyo tunayo tayari. Tunachokosa ni kumbukumbu. Wazee wa Unangax̂, wenyeji wa asili wa visiwa vya Aleutian, waliokuwa wakitega na kuvua karibu na vituo hivi, mabaharia waliopeleka mafuta, watoto wa waliofanya kazi humo: ninyi ndio mnajua bomba lilipita wapi, shimo la taka lilifukiwa upande gani, kijito kipi kilikuwa na utando wa mafuta wakati theluji inayeyuka. Mchoro wa mkono kwenye karatasi yoyote unapokelewa. Andika mwaka uliofika, umbali wa hatua kutoka kwenye mlingoti au kona ya jengo, na upande wa bahari, na kama ulipiga picha zamani, hata picha ya mtu amesimama mbele ya pipa, ituletee nakala.